Sakafu Inayoelekea Mimbarini

"Washirika wote wanatangaziwa kwamba atakayedondosha peremende wakati wa mahubiri asiifuate, ataikuta chini ya mimbari baada ya ibada." Tangazo hilo, lenye mhuri, limebandikwa mlangoni pa kanisa la Methodisti la mtaani.

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi, mfanya usafi wa kanisa hilo anamwaga ndoo ya maji mlangoni, kisha anaegemea ufagio wake. Maji yanateremka yenyewe kati ya mabenchi, yanaipita mimbari na kutokomea kwenye tundu la ukutani.

"Siyasukumi," anasema mama huyo wa miaka hamsini na minane, ambaye mtaa mzima humwita Shangazi. "Yanajua njia. Yalifundishwa na bibi."

Bibi yake alikuwa dobi, na ukumbi huu ulikuwa chumba chake cha kufulia. Miaka sabini iliyopita, Wamethodisti kumi na mmoja waliokuwa wakisali uwanjani walinyeshewa, akawafungulia mlango. Aliwapa siku zote isipokuwa Jumatatu, siku ya mashuka. Mimbari ya kwanza ilikuwa meza yake ya kupigia pasi. Inasemekana mahubiri yalikuwa mafupi, kwa kuwa mwenye meza alikuwa akiisubiri.

Kitabu cha jubilei ya miaka sabini ya kanisa kinamtaja mchungaji wa kwanza mara ishirini na sita. Dobi hatajwi. Alama yake pekee iliyobaki ni mteremko huo wa sakafu, alioujenga ili maji ya kufulia yatoke yenyewe, nao kamati ya ujenzi ilipanga kuusawazisha kwa saruji kabla ya sherehe.

Wiki iliyopita mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu wa hesabu, alifika na pimamaji.

"Shangazi, sakafu hii imelala."

"Imelala tangu hujazaliwa, mwalimu, na bado inakushinda kwa kazi."

"Wageni watatucheka."

"Wacheke. Mkishamfukia bibi yangu kwa saruji, asante mtampa nani?"

Kalamu ya mwalimu ikamponyoka. Aliifuata hadi mimbarini, akarudi nayo akicheka, jambo ambalo wanafunzi aliowafundisha kwa miaka thelathini hawalikumbuki.

Shangazi, aliyelihudumia kanisa miaka thelathini na mmoja, ana ombi jingine. "Mstari mmoja tu kitabuni: kwamba kabla ya roho, hapa zilitakata nguo."

Juzi kamati ilikaa kwa muda wa saa tatu. Iliazimia kwa kauli moja kwamba sakafu isiguswe. Kwamba ombi la mstari lipokelewe kwa furaha na kuhifadhiwa. Na kwamba, kuanzia siku ya jubilei, sakafu hiyo itambulike rasmi kuwa tambarare. Tangazo la peremende litaendelea kutumika.