Dirisha la Bi Mwanarusi

Kadzo wa mtaa wa Buxton alipata riziki kwa kuvipa vitu mwendo kwenye skrini. Aliijua CSS, lugha ya kupambia kurasa za mtandao, na wateja walimpenda kwa kuwa vitufe vyake havikurukaruka ovyo. Vilianza taratibu, vikashika kasi, vikatulia.

Fuad, aliyejiita wakala wa nyumba, alimletea picha ya nyumba ya ghorofa kule mtaa wa Kuze, amtengenezee ukurasa wa kuipangisha. Alitaka mgeni wa ukurasa akipeleka kishale kwenye dirisha la kijani, mbao zifunguke na chumba kionekane. Kadzo aliifanya kazi hiyo kwa raha. Kisha Fuad akaongeza: kitufe cha kulipia kidunde kama moyo, na maneno kwamba pesa hazirudishwi yafifie upesi.

"Yafifie kwa nini?" Kadzo akauliza.

"Yanaharibu sura, dada. Wewe pamba tu."

Jibu hilo halikumwingia. Alipoomba kuiona nyumba, Fuad alisema ina mafundi. Alipomuuliza mwenye nyumba ni nani, alisema yuko Maskati.

Ijumaa asubuhi Kadzo akaenda Kuze peke yake. Nyumba aliitambua kwa ubao mmoja wa dirisha uliovunjika, kama pichani. Fundi hakuwako. Alipobisha hodi, alitoka bibi mmoja, Bi Mwanarusi, akaushikilia mlango ukiwa nusu wazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Sikutumwa. Nyumba hii yapangishwa?"

"Nimezaliwa humu, nikazalia humu. Ipangishwe na nani?"

Kadzo akamwonyesha ukurasa kwenye simu, akaligusa dirisha. Dirisha likafunguka polepole, ndani kitanda cha mashuka meupe. Bi Mwanarusi alitoka hadi njiani, akatazama juu. Dirisha lake lilikuwa limefungwa.

"Chumba hicho si changu. Na nani kakupa ruhusa kunifungulia dirisha?"

Kadzo aliona haya. Alimpigia Fuad pale pale. Fuad aliapa picha kapewa na binamu yake, kisha akakata, na simu yake haikupatikana tena. Ukurasa ulikuwa bado haujatangazwa. Kadzo akaufuta bibi akimwangalia.

"Umeshafutika, bibi. Hakuna aliyeuona."

"Wajuaje?"

Bi Mwanarusi akatoa simu yake mfukoni mwa dera.

"Sogea kwenye mwanga nikupige picha. Huyo Fuad simjui. Wewe nimekuona; likizuka jambo, nitajua wa kumtafuta."

Kadzo akasogea.