Swali la Sita kwenye Fomu ya Kupandikiza Nywele

Kwa miaka tisa nilikana kwamba nywele zangu zinadondoka, na nilikana kwa mazishi. Kwetu mtu akifiwa hunyoa, na hakuna muungwana anayemhoji mfiwa. Kwa hiyo kila doa jipya lilipojitokeza kichwani, duara laini kama mgongo wa kijiko, nilinyoa kichwa chote na kutangaza ofisini kwamba shangazi yangu amefariki. Wenzangu walinipa pole na sukari. Nilikuwa na mashangazi wengi, wote wenye afya mbaya.

Mpango huo uliharibika siku shangazi mmoja, niliyekwisha kumzika mara mbili, alipofika ofisini kwetu Kasese, magharibi mwa Uganda, na kikapu cha maparachichi, akiniulizia kwa jina. Karani wetu akasimama kumpokea.

"Mama, wewe ni ndugu wa marehemu?"

"Marehemu yupi?" akauliza shangazi, akivuta kiti. Hajawahi kuukimbia msiba.

Tangu hapo nikavaa wigi.

Msomi hujidanganya kama watu wengine, ila yeye hujidanganya kwa kurejelea vitabu. Nilijua kwamba ugonjwa wangu ni wa kinga ya mwili: askari waliowekwa kunilinda wameamua kwamba mizizi ya nywele ni adui. Nilijua pia kwamba siku hizi daktari anaweza kuchukua mizizi kisogoni, ilikostawi, akaipandikiza penye upara. Nilisoma, hatimaye, kwenye mtandao, kwamba mgonjwa wa aina yangu hapandikizwi mpaka ugonjwa utulie kwa miaka kadhaa, maana kinga isiyotulia hushambulia hata nywele zilizopandikizwa. Sentensi hiyo niliisoma kama tunavyosoma masharti ya kampuni ya simu. Nikashuka mpaka chini, nikakubali.

Kliniki moja ya Nairobi ikanitumia fomu. Swali la sita liliuliza doa jipya la mwisho lilitokea lini. Nikaandika: miaka mitatu iliyopita. Daktari akajibu kwamba majibu yangu yanatia moyo, nimtumie picha za kisogo, naye atanipigia Ijumaa tupange tarehe ya upasuaji.

Kisogo changu kilikuwa na shahidi mmoja tu duniani. Kasese ina saluni kila baada ya milango miwili, lakini mimi nilikuwa nikisafiri hadi Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, nikipita Kikorongo ambako upepo wa malori huipima kila wigi imani yake, ili nisukwe na mtu asiyemjua yeyote ninayemjua. Msusi huyo alikuwa Mkongo aliyekimbia vita upande wa Beni, Mkatoliki wa rozari shingoni, mwenye chumba cha mabati nyuma ya soko. Alisuka nywele chache zilizobaki, kisha akashonea wigi juu yake. Hakuwahi kuniuliza nimefiwa na nani.

Ijumaa hiyo nilimpa simu anipige picha. Akainama kisogoni, kisha akaiweka simu mezani.

"Madamu, hapa sipigi."

"Kwa nini?"

"Iko doa ingine huku. Mupya. Na nyuma ya sikio pia."

"Piga upande mwingine basi."

"Hii picha ni ya kufanya nini?"

Nikamweleza upasuaji wote, kwa sauti ya mhadhara: mizizi, kisogo, upara, Nairobi. Alisikiliza huku akichambua nywele kwa mkia wa kitana.

"Kwa hiyo banatoa nywele hapa banapeleka kule."

"Ndiyo."

"Na ile ugonjwa ingali inatembea."

"Imetulia," nikasema.

Akacheka kwa pua. "Imetulia wapi? Mimi njo niko naiona. Madamu, kwetu batu balirudia kijiji kabla vita iishe. Balijenga vizuri, na mabati mupya. Balikimbia tena, sasa bila hata sufuria. Vita haiyaisha, unarudisha batu ya nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba tiba haiendi kwa mifano. Lakini mfano wake ulikuwa ndio sentensi niliyoiruka kule kwenye mtandao, na yeye hakuwa ameisoma popote.

"Wewe piga tu," nikasema. "Nimechoka kuwa na kichwa cha kufungiwa ndani."

Kwa mara ya kwanza sauti yangu haikuwa ya mhadhara. Akaweka kitana chini, akanishika mabega. Ndipo simu ikalia mezani, na kwa kuwa vidole vyake vilikuwa na mafuta, akabonyeza spika badala ya kuishika.

"Mama, habari za huko?" Daktari alikuwa mchangamfu. "Nathibitisha tu swali la sita. Miaka mitatu bila doa jipya, sivyo?"

Nikafungua mdomo. Kwenye kioo nilimwona msusi akishika rozari, si kwa kuniombea, bali kama mtu anayejizuia. Hakujizuia vya kutosha.

"Dokta, pole. Mimi njo nasukaka hii kichwa. Tangu Pasaka iko tatu."

Kisha daktari akauliza, kwa adabu kubwa, "Nazungumza na nani?"

"Ni msusi wangu," nikasema. "Na anasema kweli."

"Niache niongee naye, tafadhali."

Wakaongea kama madaktari wawili juu ya kitanda cha mgonjwa: ukubwa gani, kingo zikoje, nywele za pembeni zikivutwa zinatoka? Msusi akavuta. Zilitoka. Mimi nilishika kichwa changu kwa mikono miwili kama beseni la kuazima.

Aliponirudia, daktari hakunikemea. "Mama, hatupandikizi. Nikichukua mizizi hiyo nitakupotezea hata ile uliyo nayo. Anza na daktari wa ngozi tuutulize ugonjwa kwanza. Ukitulia kweli, tutaongea."

"Sawa," nikasema, na nikashangaa kwamba nilimaanisha.

"Vizuri. Sasa nirudishie yule mama. Nataka anieleze hilo la nyuma ya sikio."