Wanawake Thelathini Wasio na Wasiwasi

Jumatano, tarehe 12 Novemba. Mvua ilianza kabla hakujakucha, ikakatika saa nne, ikarudi saa nane kama mtu aliyesahau mwavuli wake, na ziwa siku nzima limekuwa na rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Nimeanza na hali ya hewa kwa sababu naogopa kuandika yanayofuata. Basi niseme tu: leo nimeaibika mbele ya ukumbi mzima, tena nikiwa nimevaa umushanana wangu ninaouvaa kwenye harusi, na aliyeniaibisha ni mimi mwenyewe, sina wa kumsingizia (nimetafuta, sikumpata).

Mambo yenyewe yalianza na Solange, binti wa marehemu dada yangu, ambaye anakaa kwetu na anasoma saikolojia chuoni hapa Gisenyi. Mwaka huu ni wa mwisho, na ili amalize alitakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe na kuutetea mbele ya walimu. Ukikataliwa, unarudia mwaka, na kwetu kurudia mwaka maana yake ni kuacha, kila mtu ndani ya nyumba anajua ingawa hakuna anayelisema. Akachagua kuchunguza wasiwasi wa wanawake wanaovuka mpaka kila siku kupeleka nyanya na mboga Goma. Mimi kibanda changu cha cherehani kiko kando ya njia ile ile wanayopita, kwa hiyo akanipa karatasi thelathini za maswali nimsaidie kuuliza, kwa kuwa yeye alikuwa na mitihani.

Nisimwonee: alinieleza vizuri. Alinieleza mara tatu.

"Mama mudogo, unahesabu wanawake wenye wanarudi na vikapu. Moja, mbili, tatu, nne, wa tano unamusimamisha. Unamupeleka kando, peke yake, unamuuliza, hakuna kuandika jina. Halafu unaanza tena moja."

"Na wa nne akinisalimia?"

"Unamusalimia. Haumuulizi."

"Na wa tano akiwa yule mwanamke aliyenirudishia gauni?"

"Hata akiwa huyo! Ndiyo maana tunahesabu, mama mudogo. Hesabu haina rafiki, haina adui."

Niliitikia "ego, ego" kama mtu aliyeelewa. Mimi niliishia darasa la saba huko Karagwe kabla wazazi hawajarudi Rwanda, na tangu wakati huo, mtu msomi akinieleza kitu huwa naona haya kuuliza mara ya nne.

Basi Jumatatu ya wiki iliyopita nikasimama mlangoni pa kibanda na karatasi zangu. Moja, mbili, tatu, na wa nne ni nani? Mama Divine, jirani yangu nyumba ya pili, tunaimba naye kwaya, sauti ya pili. Nikamsalimia, nikamwacha apite, nikamsimamisha mwanamke nyuma yake ambaye hata simjui. Mama Divine akarudi hatua tatu.

"Eh! Unaniona, unanipita? Mi si mutu?"

"Wewe ni wa nne, Mama Divine."

"Wa nne kwa nani? Kwa Mungu ama kwako?"

Na yule wa tano, wakati tunabishana, akajiondokea zake na kikapu chake. Hapo ndipo moyo ulianza kunisumbua. Mimi nililelewa kwamba ukigawa kitu unagawia wote waliopo, hata kama ni karanga moja moja, na sasa nimepewa kazi ya kuwaruka watu wanne wazima nikimfuata wa tano aliyefanya jambo gani la maana? Kufika wa tano tu! Niliona ni dhuluma. Na mvua ikaanza kunyesha, ile ya kwetu ya kumwagwa kwa ndoo, karatasi zikaanza kulowa pembeni, nikakumbuka kwamba saa tisa kwaya ina mazoezi kanisani, na kwaya yetu, ukinitoa mimi, ina akina mama thelathini, na wengi wao wanavuka mpaka, na karatasi zangu ni thelathini. Thelathini kwa thelathini! Jamani, nani angeona hivyo akadhani si mpango wa Mungu?

Huo ndio uamuzi wangu mdogo. Yaliyobaki yalijiporomosha yenyewe.

Kanisani niliwapanga kwenye mabenchi, nikasimama mbele, nikasoma swali kwa sauti ili asiwepo wa kupendelewa: "Wiki hii umekuwa na wasiwasi kiasi gani, kutoka sifuri hadi kumi? Sifuri ni hakuna kabisa, kumi ni ule wa kukunyima usingizi." Kisha nikaanza na benchi la mbele, mmoja mmoja, na mbele kabisa anakaa nani kama si Mama Pasteri, mke wa mchungaji na kiongozi wetu wa kwaya.

"Wasiwasi?" akasema, akajifunga kitenge vizuri. "Mimi niliyeokoka? Andika ziro, na uikolezee."

Nikaandika sifuri, nikaikoleza. Wa pili akasema, "Namshukuru Mungu, ziro." Wa tatu, "Ziro, amina." Kuanzia hapo ikawa kama kiitikio, ziro, ziro, ziro, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu (hata Mama Claudine, ambaye asubuhi hiyo alilia kibandani kwangu mpaka nikampa kitambaa cha kufutia machozi, alisema ziro bila kupepesa macho). Nikaandika sifuri thelathini. Nilijiambia, wewe kazi yako ni kuandika, si kumbishia mtu roho yake.

Nilipokuwa nafunga mfuko, Mama Divine akanifuata mpaka kwenye mlango wa nyuma.

"Yangu ifute. Andika tisa."

"Si umesema ziro?"

"Mbele ya Mama Pasteri ulitaka niseme nini? Silali, mama. Andika tisa, lakini isitoke hapa."

"Karatasi haina jina," nikamwambia, "haitatoka." Nikafuta, nikaandika tisa. Naomba mlikumbuke hili neno "haitatoka", maana litarudi kunidai.

Solange alipoziona karatasi aliziangalia muda mrefu.

"Mama mudogo, uliwauliza mmoja mmoja?"

"Mmoja mmoja," nikasema. Na ilikuwa kweli! Mmoja mmoja, kwa kufuata benchi. Niliona kuna kitu anataka kuuliza zaidi, na niliona kuna kitu napaswa kusema zaidi, lakini yeye alikuwa na mtihani kesho yake na mimi nilikuwa na zipu za watu, basi tukaachiana. Akajumlisha, akagawanya. Tisa kwa watu thelathini.

"Wastani wa wasiwasi ni sifuri nukta tatu," akasema. "Bon. Inashangaza. Lakini kitu cha kushangaza ndiyo watu wanapenda kusikia."

Sasa leo. Ukumbi wa chuo, saa nane, mvua inarudi. Mimi, kwa fahari yangu (hapa hakuna aliyenituma), nilikuwa nimewaalika kwaya waje kumpongeza mtoto, wakaja kumi na wawili na Mama Pasteri mbele, na Mama Divine yuko mstari wa tatu na mwavuli wake magotini. Solange akaeleza vizuri kwelikweli, nilitaka kulia, akafika kwenye sifuri nukta tatu akasema kwamba wanawake wa mpakani wana uvumilivu usio wa kawaida. Kwaya ikapiga makofi. Mimi nilipiga zaidi.

Mwalimu aliyekaa katikati ya meza, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, wanafunzi wanamwita Madame, hakupiga makofi. Akavaa miwani. (Alichanganya Kinyarwanda na Kiswahili, mimi naandika yote kwa Kiswahili kwa kuwa daftari hili nililianza hivyo.)

"Wanawake ishirini na tisa wamesema sifuri, mmoja amesema tisa. Hii sifuri nukta tatu, ni nani kati yao aliyeisema?"

Solange akaangalia karatasi yake. "Hakuna, Madame."

"Kwa hiyo wastani wako haufanani na mtu hata mmoja. Na huyu wa tisa, umemfikiriaje?"

"Labda ni kosa la kuandika, Madame. Tunaweza kumuondoa."

Hapo mimi nilipaswa kukaa kimya. Kila kitu mwilini kiliniambia kaa kimya, isipokuwa ile tabia yangu ya haki. Kumwondoa! Mtu amenifuata mpaka mlango wa nyuma kusema ukweli wake, leo aitwe kosa la kuandika? Nikajikuta nimesimama.

"Si kosa, Madame! Mimi ndiye niliyeandika. Nilifuta sifuri nikaandika tisa, kwa sababu mwenyewe alinifuata akaniomba."

Jina sikulitaja, hilo naomba mnihesabie. Lakini macho yangu, macho haya, yalikwenda moja kwa moja mstari wa tatu, yakatua kwenye mwavuli wa Mama Divine, na ukumbi wote ukayafuata. Mama Divine akainamisha kichwa. Nilitamani sakafu inifunike.

"Alikufuata wapi?" Madame akauliza, polepole.

"Kanisani, Madame."

"Na wengine?"

"Wote kanisani. Kwenye mabenchi. Mbele ya Mama Pasteri."

Wanafunzi wakacheka mpaka mmoja akapigapiga meza. Solange hakucheka. Alinitazama kama ninavyotazama kitambaa cha mtu nilichokikata vibaya, na uso ule ndio ninaoandika nao usiku huu.

Basi Mama Claudine akasimama, nadhani kwa kumwonea huruma Mama Divine aliyebaki ameinama peke yake. "Na mimi yangu si ziro," akasema. "Andikeni saba." Mwingine akasema nane. Wa nyuma yake akasema, "Kama huyo ni nane, mimi ni tisa, mume wake anafanya kazi, wangu je?" Mwingine akaruka, "Kumi! Kumi, na iandikwe sasa!" Mama Pasteri mwenyewe, eh, akainuka, akatazama mlangoni kuhakikisha Pasteri hayupo, akasema, "Mimi mtaniwekea nne." Kisha akawaza. "Na nusu."

Madame alivua miwani akajifuta macho, sijui ni kicheko au ni nini. "Kaeni, mama zangu, kaeni," akasema. "Wiki iliyopita aliyetangulia alisema sifuri, wote mkawa sifuri. Leo aliyetangulia amesema saba, mnapanda mpaka kumi. Kosa ni lile lile, limegeuza tu nguo." Kisha akanigeukia, na hakuwa mkali, nisimwonee na yeye. "Mama, ukinunua gunia la viazi vya Kanzenze, unaangalia vile vya juu tu?"

"Hapana, Madame. Vya juu muuzaji anapanga vikubwa."

"Unafanyaje?"

"Naingiza mkono ndani, natoa bila kuangalia."

"Basi ulikuwa unajua," akasema. "Wa tano ndio huo mkono."

Jamani. Nimenunua viazi miaka ishirini, hakuna aliyeniambia kwamba ni elimu ya chuo.

Uamuzi wao: Solange hajakataliwa, hajakubaliwa. Amepewa majuma mawili akusanye upya, wa tano kwa wa tano, mtu na karatasi yake kando, na aandike ndani ya kazi yake lilivyotokea kosa la kwanza. Tulitembea kurudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja, mpaka tukafika karibu na kibanda.

"Nitakutafutia mtu mwingine wa kuuliza," nikamwambia. "Mimi nimekuharibia."

"Hapana. Utauliza wewe."

"Mimi?"

"Madame alisema mwenye alishaanguka kwa shimo anajua mahali iko." Kisha, bila kunitazama: "Lakini ilifaa nikuulize tena ile siku. Niliona ziro ziko mingi, nikapenda kunyamaza. Donc hiyo makosa ni ya sisi wawili."

Nilimshukuru kimoyomoyo, ila katika daftari hili naandika kweli: ni yangu zaidi.

Kabla ya giza nikaenda kwa Mama Divine. Hakunikaribisha kukaa, akabaki amesimama mlangoni. Nikamwambia sikutaja jina. Akasema, "Macho yako yana mudomo kuliko mudomo wako." Nikamwambia narudi njiani Ijumaa na karatasi mpya, na kwamba yeye nitamruka milele nisimsumbue tena.

"Ndiyo umeanza tena," akasema. "Nani amekuambia uniruke? Uhesabu. Nikiwa wa tano, niulize. Nikiwa wa nne, nipite, mi sitarudi nyuma. Lakini uniulize ukiangalia chini."

Nimeapa hivyo. Nitahesabu mpaka tano, nitauliza nikiangalia karatasi, na sitamgawia mtu haki ambayo hesabu imeshamgawia.

Jioni tumekula ugali wa muhogo, mboga za lengalenga, na sambaza wa kukaanga ambao mume wangu, Baba Aline, aliwaleta kutoka ziwani, samaki arobaini kamili (niliwahesabu, sasa nahesabu kila kitu). Tupo wanne mezani. Baba Aline kumi na wanane, kwa kuwa ndiye aliyewaleta. Solange kumi na wanne, kwa kuwa nina deni naye. Binti yetu Aline wanane. Kwa wastani, kila mtu katika nyumba hii amekula sambaza kumi, na mimi nimekula lengalenga.