Kitambaa Chekundu cha Fundi Kushoto

Saa moja asubuhi, kwenye kiwanja cha vumbi kando ya barabara inayoingia Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, gari jeupe linazunguka taratibu mahali pamoja, usukani umekatwa hadi mwisho. Kando yake Fabien anatembea ameinama, kiganja nyuma ya sikio, kama mtu anayesikiliza umbea wa gurudumu.

Ka-ka-ka-ka, linasema gurudumu.

"Kadani imekufa," anasema Fabien akijinyoosha. "Ya wapi, Mama Kirezi?"

"Upande wa shoferi," anajibu Gloriose, mwenye gari, kichwa kikiwa nje ya dirisha.

Fabien anamtazama Gloriose, Gloriose anamtazama Fabien. Kisha wote wawili wanacheka, ingawa kicheko cha Gloriose kinakatika mapema. Maneno hayohayo ndiyo yaliyowakosanisha mwaka jana.

Fabien, mwenye umri wa miaka 51, ni fundi magari kutoka Bukavu. Kadani ndiyo kazi yake hasa. Ni ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la mbele, na ncha yake ina kiungo chenye gololi zinazozunguka ndani ya grisi. Mpira unaokifunika ukipasuka, vumbi linaingia, gololi zinalika, na gari linaanza kulalamika kila linapokata kona. Barabara za huku hazikosi vumbi, kwa hiyo Fabien hakosi wagonjwa.

Tatizo lake lilikuwa jingine. Kongo dereva huketi kushoto. Malawi huketi kulia.

"Myaka makumi mbili mi nafanya garage Bukavu," anaeleza. "Mutu akisema côté ya chauffeur, mukono yenyewe inaenda kushoto. Mi nilikimbia vita na miguu, lakini mukono ilibakia kule."

Mwaka jana Gloriose alimletea gari hilihili jioni ya kuamkia harusi. Mvua ilikuwa imenyesha, kiwanja kilikuwa tope tupu, wala hapakuwa na nafasi ya kulizungusha. Gloriose akasema upande wa shoferi. Fabien akabadilisha kadani ya kushoto, akanawa mikono, akaenda kulala.

Asubuhi, Gloriose akimpeleka bibi harusi kanisani Lumbadzi, kadani ya kulia ikakatika njiani. Bibi harusi, Olga, aliingia kanisani akiwa amepakiwa kwenye kabaza, ile baiskeli ya kubeba abiria, shela limefungwa fundo lisinaswe na mnyororo. Kambi nzima ilicheka. Tangu siku hiyo wakamwita Fundi Kushoto.

"Mi pia nilicheka," anasema Fabien. Halafu anatikisa kichwa. "Lakini bateja balikwisha."

Ni kweli. Kabla ya wakimbizi wa mjini kutakiwa kurudi kambini, Fabien alikuwa na gereji ndogo Mtandire, Lilongwe, na magari yalipanga foleni. Dzaleka ina watu zaidi ya elfu hamsini, lakini magari ni ya kutafuta. Baada ya harusi ile alipitisha wiki nzima akinyoosha rimu za kabaza.

Aliyemwokoa ni mkewe, Antoinette, fundi cherehani. Alichukua kipande chekundu kilichobaki kwenye sare za kwaya, akampa sharti: asiguse spana kabla mwenye gari hajashuka na kukifunga yeye mwenyewe kwenye gurudumu linalolia.

"Nilimuambia, we usisikie tena kinywa ya mutu," anasema Antoinette. "Angalia kitambaa."

Leo Gloriose anashuka na kukifunga. Hatanii. Yeye ni mkimbizi kutoka Burundi, na gari hili ndilo mkate wake, lakini kesho abiria wake ni binti yake mwenyewe. Kirezi, miaka tisa, ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Hospitali ya Lilongwe inamtaka mapema asubuhi kwa upasuaji, kabla minibasi za kwanza hazijajaza abiria.

"Tumengoja sana," anamwambia Fabien, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Tukikosa kesho, sijui watatuita tena lini. Baba Raïssa, usinifanyie tena kama ile siku."

Fabien anapiga picha gurudumu lenye kitambaa na kumtumia muuza vipuri vilivyotumika, Lilongwe. Kwenye simu hataji shoferi wala upande. Picha inatosha.

Alasiri kadani inafika, imeviringishwa kwenye gunia nyuma ya kabaza. Fabien anailaza kando ya ile aliyoitoa. Anapima urefu, anahesabu meno, anahesabu tena. Nyundo inagonga, jasho linamdondoka puani. Antoinette amesimama kando na cherehani yake imelala. Mimi mwandishi nilikuja kuchukua habari tu, lakini nakiri nami nilikuwa nikihesabu meno pamoja naye.

Gloriose anawasha gari. Anakata usukani hadi mwisho, anazunguka mara moja, mara mbili, mara tatu. Kinachosikika ni changarawe chini ya matairi.

"Zikomo," anashukuru Gloriose kwa Kichewa, kwa sauti ndogo, na kufuta macho kwa ukingo wa kitenge.

Kesho yake, kabla ya saa mbili asubuhi, simu ya Fabien inalia; ni Gloriose, yuko hospitali. Anasikiliza, anafunga macho. "Amesha kuingia kwa docteur," anatuambia. "Balifika mbele ya bote."

Namuuliza anatumaini nini sasa. Nategemea atasema gereji kubwa, au vifaa vipya. Anakikunja kitambaa chekundu, anakitia mfukoni na kuinua mkono wake wa kulia, mweusi kwa grisi.

"Huu mukono umesha kuzoea Malawi. Sasa unaenda kuume wenyewe. Siku moja Mungu atatulizisha vita, tutarudia Bukavu. Mutu ataniletea gari, ataniambia côté ya chauffeur, na mi nitakosea tena, nitaondosha ya kuume." Anacheka hadi mabega yanatikisika. "Bataniita Fundi Kuume. Ile kosa, ndugu yangu, ndio naiombea kila siku."