Sakafu Iliyonishtaki Mbele ya Mama Mkwe

Vijana wa stejini bado wananiita Mguu Mmoja, na kwa kuwa kila mtu ananiuliza jina hilo lilitoka wapi na mimi kila mara nageuza maneno, acha niandike mara moja niwe nimemaliza aibu hii. Naandika polepole (shule niliishia darasa la nane) na ni mtu wa haya sana, hata kanisani nikiitwa kutoa ushuhuda natoka nje. Kwa hivyo chekeni, lakini chekeni taratibu.

Nilikuwa, na bado niko, mbeba makatoni katika stoo moja ya dawa hapa mjini Wote. Mwenyewe ni Bwana Swaleh, ambaye babu zake walitoka pwani wakaja kufanya biashara Mwingi, na sasa anaongea Kikamba kunishinda. Kazi hiyo niliihitaji kuliko kitu chochote, maana nilikuwa nimepata msichana wa Mbooni, Mwende, na Jumamosi ya wiki hiyo wazee wetu walikuwa wapeleke mbuzi wa ntheo kwao. Bila mbuzi hao, hapa kwetu, mnaweza kukaa pamoja mpaka mzeeke na bado watu waseme huyo si mke wako. Baba yake Mwende alikuwa ametuma neno moja tu: mbuzi waje, lakini kijana awe na kazi.

Sasa, katika stoo kuna chumba cha ndani cha dawa kali, zile za kulaza watu wakipasuliwa. Mfanyabiashara mwingine wa hapa mjini alikuwa ameibiwa dawa kama hizo, Bwana Swaleh akakosa usingizi, akaleta fundi kutoka Nairobi, mwanamke kijana wa maneno machache. Akang'oa sakafu yote ya chumba hicho, akatandaza waya wa faiba, ile ile ya intaneti mnayoona ikizikwa kando ya barabara, ukaenda ukarudi ukaenda ukarudi mpaka ukajaa chumba, halafu akaufunika kwa vigae. Mimi ndiye niliyembebea vigae, ndiyo maana alinieleza. Ndani ya waya kuna kioo chembamba kama unywele, na ndani ya kioo mwanga unapita. Ukikanyaga juu, kioo kinapindika kidogo sana, mwanga unabadilika, na mashine inajua mtu yuko wapi.

"Hata paka?" niliuliza (na hilo ndilo swali pekee nililouliza wiki nzima).

"Paka tumeiambia mashine isimjali," alisema. "Ni mwepesi, halafu ana miguu minne ya kugawana huo uzito."

Hayo maneno ya paka yalikaa kichwani mwangu. Laiti yangetoka.

Kazi ilipokwisha Bwana Swaleh alituita wote. "Kuanzia leo," alisema, "nikimpata mtu asiye na ruhusa ndani ya chumba hiki, sitamuuliza alifuata nini. Anaenda nyumbani. Tumeelewana?" Tukasema tumeelewana, na mimi nikasema kwa sauti kuliko wote.

Alhamisi wakaja wageni, wahudumu wa afya wa vijijini waliokuja kuchukua masanduku yao ya dawa za huduma ya kwanza, karibu wote kina mama. Bwana Swaleh akaamua kwamba hawawezi kuondoka bila kuona sakafu yake. Skrini ikawekwa mezani kwenye korido, na mlango wa chumba ukaachwa wazi makusudi ili fundi aingie kuwaonyesha wakishafika. Mimi nilikuwa koridoni peke yangu na katoni ya bendeji begani. Nikasikia sauti za kina mama wakipangusa miguu mlangoni, nikainua macho, na wa kwanza kabisa, ameinamisha kichwa akiangalia viatu vyake, alikuwa mama yake Mwende.

Wasiotoka kwetu hawataelewa, kwa hivyo nieleze. Sisi tuna kitu kinaitwa nthoni, heshima ya wakwe. Mwanaume hakutani uso kwa uso na mama wa mke wake, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani mwenzake apite. Vijana wengi wa mjini wameachana na mambo hayo, lakini mimi nililelewa na nyanya kule Migwani, na nyanya aliniambia kwamba kabla ya ntheo huyo mama asinione hata kisigino. Korido haina kichaka. Ina mlango mmoja, na mlango ulikuwa wazi, nami nikaingia na katoni yangu bila kufikiria kitu kingine duniani.

King'ora kikalia, mlango ukajifunga wenyewe nyuma yangu. Fundi, aliyekuja na wageni pamoja na Bwana Swaleh, alikizima haraka, na kwa kuwa juu ya mlango huo kuna wavu wa kupitisha hewa, nikaanza kusikia kila neno.

"Mnaona?" Bwana Swaleh alisema kwa furaha. "Hizo nukta mbili nyekundu ni miguu ya mtu. Fundi, umetuma nani huko?"

"Sijatuma mtu," fundi akasema.

Nikasikia kina mama wakisogelea skrini. Mimi, kwa akili yangu, nikaona heri nipunguze uzito, nikainua mguu mmoja.

"Sasa imebaki nukta moja," mama mmoja akasema. "Ule mwingine umeenda wapi?"

"Pengine amechomwa na mwiba," mwenzake akamjibu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka paka. Nikaweka katoni chini polepole, nikainama, nikakaa kwa mikono na magoti na vidole vya miguu, nikijaribu hata kupumua kidogo.

"Wameongezeka," yule mama wa kwanza akasema. "Na kuna kitu cha mraba."

"Hiyo ni mbuzi imeingia."

"Mbuzi na sanduku? Kwani inahama?"

Mlango ukafunguliwa. Mzee Kilonzo, askari wetu, aliingia na rungu, akanikuta nimepiga magoti nikiangalia ukuta, kofia nimeivuta mpaka puani. Akashusha rungu. "Ni Kyalo," alisema, kama mtu anayetangaza msiba.

"Kyalo," Bwana Swaleh akasema, na sauti yake iliniuma kuliko king'ora. "Wewe ambaye nilikuwa nakuachia funguo za geti. Ulifuata nini humu? Geuka unijibu."

Sikugeuka. Ningegeuka ningemwona mama, na ningemtaja mbele ya watu ningemwaibisha pamoja nami. Nikanyamaza, nikijua kazi imeenda na mbuzi hawataondoka Migwani.

Ndipo nikasikia sauti moja tulivu. "Mzee wa rungu, hebu niulizie huyo kijana kama ni wa Migwani."

"Anauliza kama wewe ni wa Migwani," Mzee Kilonzo akaniambia, ingawa wote tulisikia.

"Mwambie ndiyo," nikauambia ukuta.

"Anasema ndiyo."

"Muulize kama ana mbuzi wa kupeleka mahali Jumamosi."

"Anauliza kama una mbuzi Jumamosi."

"Mwambie wapo, kama bado nina kazi."

Kina mama wakaanza kuelewa, nikasikia kicheko kikipita kati yao. Mama yake Mwende (Mzee Kilonzo aliniambia baadaye kwamba naye alikuwa amenipa mgongo) akamwambia Bwana Swaleh: "Huyo hakuja kuiba. Amenikimbia mimi. Na kama mimi ndiye ningemwona kwanza, mimi ndiye mngenikuta humo ndani."

Lakini kwa Bwana Swaleh haikuwa rahisi. Alikuwa ametoa neno lake mbele yetu wote. Ni fundi aliyemwita kwenye skrini. "Nyayo zake zote ziko hapa," alisema. "Ameingia, akasimama nyuma ya mlango, basi. Rafu za dawa ziko kule, na kule hakuna hata nukta moja."

Bwana Swaleh akainamia skrini. "Na miguu minne ilikuwa ya nini?"

"Paka," nikasema.

Fundi alicheka mpaka akapepesuka akaketi ndani ya mlango, juu ya vigae, na king'ora kikalia tena.

"Rudi kazini, Kyalo," Bwana Swaleh alisema. "Lakini kwanza mama apite, la sivyo tutakesha hapa."

Nawashukuru wote, na hata ile sakafu naishukuru, maana ilinishtaki halafu ikanitetea. Na nimeapa kwamba siku nyingine nikimwona mama mkwe nitakimbilia nje, si ndani.

Jumamosi mbuzi walifika Mbooni. Mwanzoni, wazee walipokuwa wakiingia sebuleni, mimi nilisimama mlangoni nikiangalia chini, sijui kwa nini, miguu ilikataa tu. Mdogo wake Mwende akatoka jikoni mbio, amejifunika mdomo.

"Mama anasema uingie tu," aliniambia. "Anasema sakafu yetu ni ya udongo, haisemi mtu."