Machozi ya Duka la Dawa

Leo nimesifiwa kwa machozi niliyoyanunua dukani.

Macho yamekuwa yakiniwasha wiki nzima, kwa hiyo nilitia dawa ya macho nikiwa langoni, kisha nikaingia matangani kwa marehemu Papa Kalonda, jirani yetu Mkongomani wa hapa mtaani Isipingo. Mimi naye tulikuwa tumenuniana mwezi mzima kwa sababu ya ubishi wa siasa.

Mjane wake aliona mashavu yangu yamelowa, akanikumbatia.
“Mutoto yangu, nilizania hautakuja. Kumbe ulikuwa unamupenda.”

Kiingereza cha zamani kiliita machozi na dawa ya macho kwa neno moja, eyewater. Nilitaka kumfafanulia hilo. (Naam, matangani.)

Akaendelea: “Kila siku alikuwa anauliza, ‘Ule mubishi iko wapi?’”

Nikaketi kando yake.

Dawa ile hukauka baada ya dakika tano. Mimi nililia mpaka chai ikaletwa.

Wabishi wenzangu, kuna uongo wowote wa kukiri hapa?