Sauti ya Mbuzi Kwenye Santuri ya Leo na Naso

Jamani, mshawahi kuona mtu anateleza juu ya mawimbi katikati ya Tandika, chini ya turubai la msiba, jeneza liko ndani, na waombolezaji wameshika mbavu?

Basi aliyekuwa juu ya ubao ni mie.

Na dakika chache baadaye nilitamani wazike wawili.

Naanzia mwanzo, maana nawajua, mnapenda umbea wenye kichwa na mkia.

Mtaani kwetu alikuwepo Mzee Leonardi, Mmakonde, mchonga vinyago. Mie Flaviana ni Mngoni. Wangoni na Wamakonde ni watani. Tangu nahamia pale, nikimkuta barazani namwambia, "We mzee, hujafa tu?" Naye, "Tangulia wewe, nije nile wali wako." Wapangaji wapya walidhani tunagombana.

Lakini kilichompa jina si vinyago. Ni santuri.

Miaka ya sitini huko, yeye na kijana mmoja wa Kiarabu, mtoto wa mwenye duka, waliimba ile rock ya ufukweni. Magitaa yanatetemeka kama yamemwagiwa maji ya baridi, na wao wawili wanapokezana sauti, habari za kupanda ubao na kuteleza mawimbini.

Mawimbi yenyewe ya Msasani, yanayokufika magotini!

Wimbo mmoja jamaa anajionyesha kwa binti, wimbi linamvua kaptula. Mwingine, samaki anamcheka. Santuri nzima haina jambo zito hata moja.

Waliiita "Ubao Wangu". Kwenye jalada wamesimama vijana wawili vifua wazi, ubao katikati, meno nje. Leo na Naso.

Kisha wakaachana. Kwa nini, mzee hakusema.

Ila kila jioni alikuwa anaiweka santuri barazani na kuimba nayo ile sauti nene. Ikifika zamu ya sauti nyembamba anafumba mdomo, anatazama njiani, anasubiri ipite.

Mtaa mzima tukahitimisha: nene ni yake, nyembamba ni ya yule Naso aliyemtupa mwenzake.

Mzee akaugua. Kabla hajafumba macho akamwachia mkewe, Mama Benja, neno moja tu: "Mtafuteni Naso aje aniimbie. Asipokuja nizikeni kimya. Asiimbe mtu."

Kimya! Mmakonde azikwe kimya, Tandika hii!

Mie na mdomo wangu nikajitolea. Nikarekodi ujumbe wa sauti, nikaumwaga kwenye magrupu yote: la kikoba, la vijora, la wazazi wa shule, mpaka la wauza vitunguu wa Mabibo. "Anatafutwa Mzee Naso, aliyeimba na Leonardi. Msiba uko Tandika."

Siku ya maziko ikafika. Jua linapanda, Naso hayupo. Wanakwaya wamekaa na vitabu vyao mapajani kama watu walionyang'anywa sahani. Mama Benja kwenye mkeka, macho mlangoni.

Sasa mtani kazi yake nini? Si kuwatoa watu kwenye giza?

Nikaingia ndani. Nikavaa kaptula ya marehemu na pama lake. Nikaushusha ukutani ubao ule ule wa kwenye jalada, aliouchonga mwenyewe kwa mti wa mkorosho, nikaulaza juu ya kreti za soda. Nikamwambia mwanawe, Benjamin, aweke flashi yenye nyimbo za baba yake.

"Dada Flavi, baba kasema asiimbe mtu."

"Santuri ni mtu? Weka!"

Spika ikalia. Nikapanda ubaoni, mikono nimeitandaza, makalio nyuma, nayumba kama nimepigwa na wimbi la Msasani. Watu wakaanza kucheka puani. Kisha kwa midomo. Kisha mama mmoja akaanguka toka kitini.

Nyie, mie nikiona watu wamejaa na wanacheka, akili huwa inanihama.

Ikaingia sauti nyembamba. Nikapaza yangu: "Msikieni Naso huyo! Mbuzi kabanwa mkia na mlango! Ndo maana kaona aibu kuja!"

"Meeee!" turubai zima likaitikia.

Nyuma kabisa alikaa mzee mmoja wa kanzu, kofia ya darizi, fimbo katikati ya magoti. Hacheki. Mie asiyecheka ananiwasha.

"Babu wa kanzu, mbona umenuna? Au na wewe ni wa zizi hilo hilo?"

Watu wakafa kwa kicheko.

Mzee akasimama polepole, akainama kupita chini ya kamba ya turubai, akaondoka.

"Babu, hata wali haujaiva!" nikamsindikiza.

Nani aliniroga?

Benjamin akaenda kupanga viti. Akakuta mfuko umebaki kwenye kiti cha yule mzee. Akauinua, akachungulia. Akazima muziki.

Akatoa santuri. Vijana wawili, vifua wazi, ubao katikati, meno nje.

Watu wakanigeukia.

Mama Benja akasema kwa sauti ya chini, na bora angenipiga kofi: "Flaviana. Tumemtafuta Naso, kaja, umemfukuza."

Na mie Mngoni, utani wangu ni kwa Mmakonde. Mwarabu wa watu ana utani gani na mie? Kwake yeye lile lilikuwa tusi, tena mbele ya jeneza la mwenzake.

Nilitoka mbio vile vile, kaptula ya marehemu, pama kichwani. Mtaa ukanipokea: "Mama, bahari iko huko Kigamboni!" "Ngalawa yako imezama wapi?" Nikashikilia kaptula, nikazidi kukimbia.

Nilimkuta kwenye benchi la stendi ya bajaji. Nikapiga magoti vumbini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Babu, nisamehe. Sikujua kama upo. Na ile sauti sikujua ni ya kwako."

"Sauti ipi?"

"Ile… ya mbuzi."

"Ile si yangu, mwanangu. Ile ya Leo. Mie ndo nilikuwa nene."

Nikachanganyikiwa. "Haiwezekani! Kila jioni alikuwa anaimba nene, babu. Nyembamba ikifika ananyamaza. Muulize yeyote Tandika."

"Aliimba nene?"

"Kila jioni."

"Yangu?"

Akavua kofia, akajifunika nayo uso. Madereva wa bajaji wakageukia pembeni.

Alipoishusha, macho mekundu, akasema: "Tulikuwa tunapiga ukumbini Ilala. Watu tele. Nikataka kuwachekesha. Nikasema, mvumilieni mwenzangu, ana sauti ya mbuzi. Ukumbi wote ukalia meee. Leo akaweka gitaa chini akatoka. Sikumfuata. Nikasema kesho. Kesho ikawa uzee."

"Babu…"

"Wewe mtani wake, una ruhusa. Mie nilikuwa na ruhusa gani? Mjukuu wangu Nawal kanisikilizisha ujumbe wako huko Mbweni, nikasema leo nakwenda, liwe liwalo. Nafika, namkuta mbuzi yule yule ananisubiri."

Nililia, nyie. Mie ninayeliza watu kwa kicheko nililia na pama la mtu.

"Babu, kakuwekea nafasi miaka yote. Kaimba yako ili isikae tupu. Ya kwake ndo imekosa mtu. Twende."

Akanyoosha mkono nimwinue.

Tuliporudi hakuna aliyenitazama. Mama Benja akasogea, akampa nafasi mkekani. Benjamin akaweka ule wimbo wa kaptula. Ikapita sauti nene, Mzee Nasser, ndo Naso huyo, kafumba mdomo. Ikafika nyembamba, akafungua mdomo.

Jamani. Ilikuwa mbaya. Ya kizee, imepasuka, inatafuta ile ya Leo kule juu na haifiki. Mbuzi mwenyewe, tena mgonjwa.

Hakucheka mtu. Mie nilitazama vidole vyangu vya miguu.

Katikati ya kile kimya Mama Benja akainua kichwa, machozi yanamtiririka, akasema taratibu: "Meee."

Mzee Nasser akakatiza wimbo. Akamwangalia. Kisha akacheka, wakacheka wote wawili, wameshikana mikono, na turubai likafuata. Wanakwaya wakafungua vitabu vyao. Mzee Leonardi akatoka kwake kwa kelele, kama alivyostahili.

Mie nilikwenda kuvua ile kaptula, nikabaki chumbani mpaka nikaitwa kubeba maua.

Sasa hivi nikipita sokoni Tandika wananililia meee. Naitika. Nimeistahili.

Nilichookota ni hiki: utani una mwenyewe, na kabla hujamcheka mtu, geuza shingo uone nani kakaa kiti cha nyuma. Na wewe uliyewachekesha watu kwa mwenzako, mkaachana, usingoje turubai. Nenda wakati bado anaweza kukujibu meee mwenyewe.